Tandiko la Farasi Aliyekufa

Mwaka Ziwa Tanganyika lilipopanda nilikuwa mtoto wa kutumwa chumvi dukani. Tulikaa Bangwe, chini kabisa, karibu na maji hivi kwamba mama akimwaga ya kuoshea vyombo yalirudi ziwani yenyewe. Watu wakisikia ziwa lilipanda wanafikiri ni mawimbi na kelele. Hapana. Maji yalikuja polepole, kama mgeni anayesema anaaga huku anasogeza kigoda. Leo yako kwenye mchanga, baada ya siku chache yako kwenye mchicha wa mama, halafu asubuhi moja unaamka unakuta sufuria inatembea yenyewe jikoni. Baba alikuwa mbishi. Alisema ziwa lina adabu, litarudi kwake. Tulihama siku ukuta wa jikoni ulipokaa chini taratibu, bila kishindo, kama mtu aliyechoka.

Tulikwenda Ujiji kwa mjomba. Baba akawa anarudi Bangwe na mtumbwi wa kuazima, anaokoa vilivyobaki. Safari ya mwisho mama alimwagiza kinu chake, kile cha kutwangia mawese, alichopewa na mama yake alipoolewa. Tukakaa tunamsubiri. Baba akatokea jioni, amelowa mpaka kifuani, mkononi ana mpini wa jembe. Mpini mtupu, jembe lenyewe halipo.

"Baba watoto," mama akasema, "umeacha kinu ukaniletea fimbo?"

"Kinu kimejaa maji."

"Si ungekimwaga!"

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Baba akausimamisha mpini ukutani, akaingia ndani kubadili nguo.

Mpini ule haukupata jembe tena. Ni wa mti mgumu, jina lake nalijua kwa Kiha tu, mchwa wanaupita pembeni. Umezuia mlango, umeua nyoka, umepiga maharage. Wazazi wamekufa, ndugu wamekufa, mpini upo, uko hapa nyuma yangu ninapoandika. Niseme mapema kwamba mimi shule niliishia darasa la pili, la tatu niliingia kwa mlango huu nikatoka kwa ule, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Atakayechoka apumzike, mimi mwenyewe nimechoka.

Huo mpini ndio farasi wangu.

Nieleze. Babu mzaa mama alikuwa Muha wa upande wa Mwandiga. Ujanani alikwenda kutafuta kazi upande wa Tabora, akaikuta vita. Ile ya Mjerumani na Mwingereza. Hapa kwetu Kigoma waliokuja kumtoa Mjerumani ni Wabelgiji, na vijana wa siku hizi ukiwaambia Wabelgiji walikaa hapa wanakutazama kama umelewa. Lakini kule babu alikamatwa na Waingereza, akatiwa kwenye msafara wa wapagazi. Mpagazi wa biashara akichoka huweka mzigo chini na kuanza ubishi. Mpagazi wa vita hana wa kubishana naye.

Mkubwa wa msafara wao alikuwa afisa wa wapanda farasi. Farasi, katika nchi ya mbung'o! Wakaumwa, wakafa mmoja mmoja, wa afisa akafa wa mwisho. Watu wakadhani sasa atatembea kama wengine. Kutembea alitembea, lakini vile vyuma vya visiginoni vya kumchomea farasi hakuvivua, na tandiko hakuliacha. Tandiko la ngozi, zito, na mikanda yake na vyuma vya kukanyagia. Akaamuru libebwe. Aliyelibeba ni babu yangu. Alivuka nalo mito, alipanda nalo milima, farasi mwenyewe ameshaliwa na fisi zamani. Mimi nimemwona babu katika uzee wake. Utosini hakuwa na nywele, paling'aa kama kitako cha kibuyu, na ukimwuliza anakutuma maji.

Katika msafara huohuo walikuwamo ndugu wawili ambao watu wao sasa wanakaa Rusimbi. Mkubwa wa ndugu hao aliachwa njiani akiwa mgonjwa. Mdogo alirudi nyumbani pamoja na babu, na hapo ndipo utani wa ukoo wetu na wao ulipoanzia. Wao wanatuita farasi. Nikipita Rusimbi hata leo, mzee mzima, utasikia mtoto wa mtu analia kama farasi nyuma ya ua, na farasi hajawahi kumwona. Sisi tunawaita waliobaki. "Habari zenu, waliobaki?" Wanaitika.

Na kwenye msiba wao sisi huenda, kwenye msiba wetu wao huja, siku ya tatu, matanga yanapoondolewa, tukacheza ule msafara. Shehe hapendi. Nimemwambia mara nyingi, shehe, sisi hatugusi kaburi, tunachezea uani tu. Anaondoka kabla hatujaanza, ila mke wake hubaki. Mimi ndiye afisa. Nimekuwa afisa tangu mjomba wangu aliyekuwa anacheza alipofariki. Napanda mpini, navaa sufuria kichwani, natia vijiko kwenye soksi viwe vyuma vya visigino, naamrisha waombolezaji wabebe mikeka. Mtu amefiwa na mama yake, macho yamevimba, anatukanwa na mzungu wa sufuria, anacheka bila kupenda. Ndiyo kazi yenyewe. Kanuni ya utani ni kwamba ukikubali kuchekwa, neno limekwisha, hakuna atakayekudai tena. Nimeona watu waliogombania shamba mpaka wakanyimana moto, wakamalizana hivyo.

Lakini magoti. Mtu hafikirii kwamba mpanda mpini hutembea amechuchumaa nusu, uwanja mzima, kwenye jua. Miaka hii ya karibuni nikisikia kuna mgonjwa Rusimbi naanza kumwombea apone, si kwa kumpenda.

Basi asubuhi moja nimekaa barazani nachambua maharage, nikamwona mwalimu anakuja na mzungu. Mwalimu ni binti wa Njombe, anafundisha sekondari, serikali imemleta huku, na tangu afike hajaacha kulalamikia joto. Mzungu alikuwa mrefu, mwembamba, kofia ya kitambaa, anatembea wima kana kwamba kuna mtu anamkagua.

"Shikamoo, Mzee," akaniambia.

Nikamwangalia. Nywele nyeupe pe, mikono ina madoa ya uzee.

"Ngoja kwanza, mwalimu," nikasema. "Muulize ana umri gani. Nisije nikala shikamoo ya mkubwa wangu."

Wakaongea kizungu. Mwalimu akacheka. "Amekuzidi kidogo, babu."

"Basi irudi ilikotoka. Shikamoo, mzungu."

"Marahaba," akasema, akafurahi sana, kama mtoto aliyejibu swali darasani. Kiswahili alikuwa anajua, cha kitabuni, anakitoa polepole kama mtu anayelipa sarafu. Ya kina yalipitia kwa mwalimu.

Alikuwa amefika Kigoma anauliza habari za wapagazi wa vita ile. Watu wakamwambia, nenda Ujiji, yupo mzee mmoja yeye ndiye mzungu wa farasi. Alidhani wamekosea maneno. Mimi nilipoelewa anachotafuta nikaweka ungo chini. Alitaja njia, alitaja farasi waliokufa, alitaja tandiko. Yule afisa wa babu yangu alikuwa babu yake.

Nilimtazama miguuni, Mungu anisamehe, kuona kama ana vyuma.

Akawa anakuja kila asubuhi na mwalimu wake, ilikuwa likizo. Nampa chai ya tangawizi, anainywa kwa taabu, hasemi. Akanieleza maisha ya babu yake. Alizaliwa kwenye nyumba yenye farasi wengi kuliko watu, akajua kupanda kabla ya kujua kusoma. Akiwa kijana akaenda kupigana na Makaburu huko kusini, akapata nishani, na hasira akapata hukohuko. Kwa farasi alikuwa mpole, anawasemesha. Kwa watu alikuwa mtu wa neno moja. Vita ya huku ilipoisha akarudi kwao, na kuanzia siku hiyo hakupanda farasi tena mpaka anakufa. Wala hakusema kwa nini. Kila siku alitembea kwa miguu mashambani na fimbo yake.

"Mimi nilitembea naye nikiwa mtoto," mzungu akasema, mwalimu akitafsiri. "Alikuwa ananipenda. Ila kitu kimoja alikikataza. Mtoto akichoka akakaa chini kando ya njia, babu alikuwa anapiga kelele, anatetemeka. Simama! Simama! Ukitaka kupumzika, egemea mti."

"Wazee wana mambo yao," nikamwambia.

"Ndiyo. Tulikuwa tunacheka, sisi watoto."

Siku nyingine akasema kilichomleta. Huko kwao, vita ilipoisha, afisa mmoja mwenzake alimshtaki babu yake kwa wakubwa kwamba aliwaacha wapagazi wagonjwa wafe njiani huku anabebesha watu vitu vyake. Wakubwa wakakaa, wakaulizana, wakasema hana kosa. Wengine wakamwita shujaa, aliyefikisha jeshi lake. Wengine hata kanisani wakawa wanabadili benchi akikaa. Yeye mwenyewe hakujitetea. Alimwambia mkewe neno moja tu, nilirudi. Basi. Ukoo wote umesimama juu ya neno hilo. Baba yake huyu mzungu alimaliza maisha yake anaandikia watu, anagombana na watu, kwamba baba yangu alirudi kuwachukua. Alipokuwa anakufa akamshika mwanawe mkono akamwambia, wewe nenda ukaulize kwa waliobeba. Mwana akasema atakwenda. Akaoa, akazaa, akastaafu, akazika mke, hakwenda. Sasa ndiyo amekuja, na daktari wake hakupenda aje.

Akaacha kupitia kwa mwalimu. Akanigeukia mwenyewe, akasema kwa Kiswahili chake, polepole, "Mzee. Alirudi?"

Nikasema, "Alirudi."

Ni kweli. Alirudi, kila mtu Rusimbi anajua alirudi.

Yule mzee akafunika uso. Mabega yakatikisika. Akanishika mkono wangu, wenye vumbi la maharage, akaushikilia. Mwalimu naye akaanza kujifuta macho na mtandio, na mbuzi wa jirani akatumia nafasi hiyo kuingia kwenye ungo. Nilitaka kuendelea. Kulikuwa na neno la pili baada ya lile. Lakini mtu mzima analia mbele yako, mtu aliyekuzidi umri, huwezi kumwambia ngoja kwanza hujasikia yote. Na neno lile kwetu halisemwi barazani juu ya chai. Babu mwenyewe hakulisema hivyo hata siku moja. Husemwa pale uani, siku ya tatu, likiwa limevaa sufuria.

Kuanzia siku ile mzungu akawa mtu mwingine. Chai anamaliza. Anawaamkia watu njiani, mwakeye, mwakeye, salamu yetu ya Kiha, nani alimfundisha sijui. Akasema anataka kuwaona watu wa Rusimbi, awape mkono, kisha arudi kwao akapumzike.

Haikupita wiki, Rusimbi wakafiwa na bibi yao mkubwa.

Nilikwenda kuzika. Siku hiyo watani wote walinizunguka, wamekwishasikia. Aliyesema zaidi ni mjukuu wa marehemu, mama mmoja mnene muuza dagaa pale Kibirizi, mwenye sauti ya kuvusha ziwa. Huyo ndiye mwenzangu mchezoni. Yeye hucheza yule aliyebaki.

"Wewe farasi," akaniambia, "tumesikia umemficha mwenye tandiko nyumbani kwako unamnywesha tangawizi peke yako."

"Sijamficha. Ni mgeni wangu."

"Mgeni wako kwa nini? Babu yake alimwacha babu wa nani? Huyo ni mtani wetu wa halali kabisa. Mlete siku ya tatu acheze mwenyewe."

"Ni mzee."

"Na wewe kijana? Kwenye matanga ya mjomba wangu tulikuinua wawili!"

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa kwao, mtulivu, akasema hili ni jambo jema. Akasema huyu mtu ametoka mbali na mzigo wa babu yake, nasi tunacho cha kumtua. Acheze, achekwe, ale sahani ya watani, iishe. Wote wakaona ni heshima. Mimi niliona hivyo pia, na sitasema uongo, niliyafikiria na magoti yangu.

Mwalimu hakupenda. Nilipomweleza mchezo mpaka mwisho wake akasema, "Babu, usimfanyie hivyo."

"Nisimfanyie nini?"

"Mwambie kwanza. Kaa naye, mweleze."

"Mwalimu, kwenu Njombe hamna watani?"

"Tunao, babu, tena wa ovyo kuliko wenu. Lakini huyu hana. Huyu hajui."

"Ndiyo maana apewe," nikasema.

Akajitanda mtandio wake, akaondoka. Mimi nilidhani amekubali.

Siku ya tatu tukaenda. Uani Rusimbi kulikuwa kumejaa, wanawake kwenye mikeka, wanaume upande wa kivuli, moshi wa jikoni, harufu ya samaki wa mgebuka anayekaangwa kwa mawese. Mzungu aliwapa watu mkono mmoja mmoja, pole, pole sana, akaingia mpaka kwa wafiwa. Nilipomwambia kwamba hapa kuna mchezo wa kumkumbuka babu yake na wapagazi, na kwamba wenyewe wamemwomba yeye ndiye acheze afisa, alivua kofia. Akasema ni heshima kubwa kwake. Mwalimu alitafsiri anaangalia ardhi.

Nikampa mpini.

Aliupanda vizuri kuliko mimi, lazima niseme. Mgongo wima, mkono mmoja mbele kana kwamba ameshika hatamu. Watani wakamvisha sufuria, wakamtia vijiko kwenye soksi. Aliona vijiko, akacheka kwa sauti, akaelewa ni nini. Uani pakawaka.

"Mwangalie, mwangalie! Huyu amezaliwa nao!"

"Farasi, umepoteza kazi! Kajifunze kuuza nyanya!"

Nikamnong'oneza maneno ya kuamrisha, akayatoa kwa Kiswahili chake cha kulipa sarafu. "Beba! Mzigo! Upesi!" Wafiwa wakainua mikeka vichwani, binti wa marehemu mwenyewe amebeba mto, anacheka na machozi yako mashavuni. Wakazunguka uani kwa mstari, mzungu mbele anarukaruka, uso mwekundu, jasho linatiririka chini ya sufuria. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli, mara ya kwanza katika maisha yangu nauona mchezo wangu. Nikaona ni mzuri.

Wakafika kwa yule mama muuza dagaa. Akaangusha mkeka wake, akakaa chini kwa kishindo, miguu mbele. Mguu mmoja amefungwa khanga kuanzia chini ya goti, maana yule aliyeachwa mguu wake ulikuwa umeoza kwa funza.

Mzungu akasimama. Nilimwona anamtazama yule mama pale chini. Kicheko kikampungua usoni.

"Mwambie angoje," nikampazia sauti kutoka kivulini. "Sema, ngoja hapa, nitarudi."

"Ngoja hapa," akasema. "Nitarudi."

"Bwana!" yule mama akapiga kelele. "Bwana, bado sijafa!"

Hapo watu huanguka. Msiba wowote, hata uwe mzito vipi, neno hilo huangusha watu, kwa sababu kuna mmoja nyumba ile ambaye hawezi tena kulisema. Mzungu akazungushwa nyuma ya nyumba na vijana, sisi tukabaki tunaimba, na yule mama pale chini anahesabu mawingu, anapunga nzi, anamwuliza kila mtu, "Mmemwona bwana wangu? Amesema anarudi."

Mzungu akatokea upande wa pili.

"Amerudi!" wanawake wakapiga vigelegele. "Amerudi! Amerudi!"

Neno hilo alilijua. Ndilo aliloliulizia, ndilo nililompa barazani. Sijawahi kuona uso wa mzee ukifunguka vile. Akaenda mbio na mpini wake, akautupa kando, akapiga magoti mbele ya yule mama. Akanyoosha mikono yote miwili, akamshika kwapani, akaanza kumwinua.

"Simama," akamwambia. "Mama, simama."

Hilo halimo mchezoni.

Wanawake wakaacha kupiga vigelegele. Halafu mtoto mmoja akapayuka, "Siyo hivyo! Mkanda!" Watu wakacheka, wakaanza kumsaidia, kila mtu anamsaidia. "Mkanda, bwana! Chukua mkanda! Mguuni!" Yeye anageuza kichwa huku na huku, bado amemshika yule mama, anamtafuta mwalimu kwa macho. Yule mama ana moyo mwema, akaona mgeni amesahau, akamsaidia. Akachukua ncha ya khanga mguuni kwake, akaitia mkononi mwa mzungu, akafunga vidole vyake juu yake, akavuta mguu. Khanga ikafunguka yote. Mzungu akabaki amepiga magoti na khanga ndefu mkononi, sufuria imeinamia sikio moja.

Watu wakalia kwa kucheka. Binti wa marehemu alikuwa amelala kwenye mkeka, ameshika tumbo. Yule mama akaanza kutambaa kuelekea kwake na mguu wake mtupu, "Bwana, bado sijafa! Bwana, na mimi je?", na hapo afisa anatakiwa aweke mkanda begani na aende zake.

Yeye hakwenda. Alimwita mwalimu. Mwalimu akaja akachutama, wakaongea kizungu, sauti ya chini. Mwalimu akatikisa kichwa. Mzungu akauliza tena. Mwalimu akanitazama mimi.

"Mwambie tu, mwalimu," nikasema.

Akamwambia. Nilijua alichokuwa anamwambia ingawa kizungu sijui, kwa sababu hakuna namna mbili za kukisema. Babu yangu aliyebeba tandiko alimwonea huruma yule mgonjwa, akafungua mkanda mmoja wa tandiko akamfungia mguu. Afisa hakuona. Wakaenda. Jioni kambini akalikagua tandiko, akakuta mkanda haupo. Akamchukua babu, wakarudi nyuma njia yote ile. Wakamkuta mtu yuko hai, amekaa palepale. Afisa akamwambia babu afungue mkanda. Babu akafungua. Wakaondoka nao.

Kicheko kilikuwa kinaisha chenyewe, watu wanajifuta, wameanza kusikia njaa. Mzungu alisimama, akanijia kwenye kivuli.

"Mzee," akasema. "Ni mchezo?"

"Sufuria ni mchezo," nikasema. "Vijiko ni mchezo. Kutambaa kule ameongeza yeye mama wa dagaa, kila mwaka anaongeza kitu."

"Mkanda?"

"Mkanda babu alimwambia mama yangu mara moja, akiwa karibu kufa. Mkanda ni kweli."

Akaitazama khanga mkononi mwake. "Ulisema alirudi."

"Alirudi," nikasema.

Akaitika kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayekubali njia aliyoelekezwa. Nilimwambia akae sasa, sahani ya watani inakuja, akishakula imekwisha, hapa hakuna anayemdai, huyu ni ndugu. Nilitaka sana alielewe hilo. Nikamwomba mwalimu atafsiri, akatafsiri. Sijui kama alisikia. Alivua sufuria, akaiweka juu ya kinu. Akatoa vijiko kwenye soksi. Akaikunja khanga, vizuri, pembe kwa pembe, kama wanavyokunja askari, akaenda akampa yule mama kwa mikono miwili. Akauokota mpini pale alipoutupa, akaupangusa vumbi, akausimamisha ukutani. Kofia yake ilikuwa kwenye kigoda karibu yangu. Hakuichukua.

Akatoka kupitia mlango wa ua. Mwalimu akamfuata hatua chache, yeye akainua mkono kumzuia, mwalimu akasimama.

Sahani ilikuwa imekwishaletwa, ugali na mgebuka, kile kipande cha kichwa wanachompa mkubwa. Yule mama muuza dagaa alimwona anavuka barabara. Akasimama mlangoni mikono kiunoni, akapaza ile sauti yake, anacheka, anamwita chakula.

"Wewe mtani! Unakwenda wapi? Bado sijafa! Njoo ule!"

Watu wakacheka tena. Yeye alikuwa kwenye jua, kichwa wazi, wima vilevile, anafuata barabara ya kwenda mjini. Mara moja alipofika penye kivuli chembamba cha ukuta alisimama akauegemea, hakukaa. Kisha akaendelea. Tulimfunikia sahani. Tukangoja mpaka mafuta yakaganda juu ya samaki, na wala hakurudi.